Mla Makombo

Nyumba hiyo haikuwa na ndoo ya kutupia mabaki ya chakula. Ilikuwa na mama.

Asubuhi wavulana wawili waliacha uji nusu bakuli, ukiwa umeshika utando juu, vijiko vilivyolambwa vikiwa vimerudishwa humo humo. Mama aliunywa akiwa amesimama, mkono mwingine ukisugua sufuria. Baba alikula mkate katikati, palipo laini, akaacha kingo. Kingo zilikwenda kwa mama, akazichovya kwenye chai iliyopoa ya mama mkwe, chai yenye vipande vya mkate vilivyolowa na kuelea. Mchana nyama ilirudi jikoni na mafuta yake pembeni, yametafunwa yakashindikana, na njiti ya kuchokolea meno imechomekwa juu ya wali kama bendera. Aling'oa njiti, akala. Ukimuuliza amekula nini alikujibu hajala, na hakuwa anadanganya. Kwa akili yake kula ni kukaa chini, kupakuliwa, na kushika kijiko ambacho hakijatoka mdomoni mwa mtu. Hayo hakuwa ameyafanya tangu aolewe.

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia, mahali panapofua shuka za hoteli na sare za wauguzi, kwa hiyo majirani walimwita Dobi. Mumewe alikuwa karani wa stoo ya vifaa vya ujenzi. Mama mkwe, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikuwa na kiti chake karibu na mlango wa jikoni, na kutoka hapo alikiona kila kijiko. Ni yeye aliyempokea Dobi akiwa bibi harusi mwembamba na kumpa somo la kwanza: kwetu chakula hakitupwi, na mwanamke ndiye wa mwisho. Dobi alikuwa na adabu zake. Alitii, na akaendelea kutii mpaka ikawa hawezi kupita mlango wa choo bila kugeuka ubavu.

Na waliomcheka ni wao wenyewe. Karani aliwachekesha rafiki zake kwamba kitanda chake siku hizi kina mteremko, akilala tu anajikuta bondeni. Dada yake, ambaye Dobi alimwita wifi, alikuja kila Jumapili kula na kushinda. Akifika, alimpiga Dobi kofi la paja kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. "Kaka anakulisha, wifi. Usimwangushe." Halafu, akishashiba, alimsogezea sahani yake yenye mifupa aliyokwisha kuifyonza.

*

Kiti cha plastiki kilivunjika kazini, mbele za watu wote. Msimamizi alikuwa ameshamwondoa Dobi kwenye mashine kwa sababu magoti yake hayakustahimili kusimama, akamweka meza ya kukunja taulo. Miguu ya kiti ilitawanyika kila mmoja upande wake. Wenzake walicheka, wakacheka tena, halafu wakanyamaza walipoona hawezi kuinuka. Walimpitishia shuka chini ya makwapa, shuka ya hoteli ambayo ilikuwa haijafuliwa, yenye doa ambalo hakuna aliyetaka kujua ni la nini, wakamvuta kama gari lililozama kwenye tope. Mpiga Pasi, mwanamke pekee aliyekuwa rafiki yake pale, ndiye aliyepanga sauti: moja, mbili, haya.

Kesho yake msimamizi alileta viti viwili, kimoja kimepachikwa juu ya kingine na kufungwa kwa kamba. Ili mtu mwingine asivitumie, aliandika nyuma kwa chaki: BONGE. Dobi alimshukuru. Hilo ndilo lililomkera Mpiga Pasi kuliko yote, kwamba alimshukuru, tena kwa heshima.

Kwenye zahanati mizani ilifika mwisho ikatulia, wakampima kwa ile ya stoo ya hapo hapo, ya kupimia magunia. Karani alikuwepo. Daktari alieleza kwamba magoti yamechoka na kisukari kinanyemelea, na kwamba ipo hospitali inayofanya upasuaji wa kupunguza tumbo. Vinginevyo abadilishe ulaji, ingawa wengi huwa hawawezi. Hilo la mwisho alilisema akiangalia dirishani. Karani alilishika la upasuaji. Alisema atakopa kazini, hata kama ni kulipa mpaka azeeke, na alimaanisha. Alimpenda mkewe kiasi cha kumlipia kisu.

Nesi alimbakiza Dobi baada ya mumewe kutoka. Hakumuuliza amekula nini. Alimuuliza tangu asubuhi ni nini kimepita mdomoni. Dobi akaanza kutaja: uji wa huyu, kingo za yule, mafuta ya nyama ya baba watoto, maharage ambayo Bibi aliyatafuna akayatema kwa sababu ya maganda. Alipofika kwenye ukoko wa sufuria, nesi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja bila kujua.

"Dada," nesi akasema, "wewe hujawahi kula. Wewe umekuwa unamalizia."

Dobi aliinuka akafunga kitenge chake upya, nesi akadhani amemuudhi. Hakuwa ameudhika na nesi.

Jioni hiyo alimwambia Karani asikope. Aliomba kitu kimoja, kila mtu ajipakulie kiasi anachoweza kumaliza. Karani alicheka, akamwambia asiogope kisu, siku hizi mtu analala na kuamka tu. Bibi naye alisema upasuaji ni jambo la haraka, halisumbui watu nyumbani. Walikaa sebuleni wakajadili kumpasua mwenzao tumbo, watu wale wale ambao hawakuwa tayari kujipunguzia kijiko kimoja cha wali.

*

Alinunua sahani ya bati, ya kwake. Siku iliyofuata alipakua chakula chake kwanza, kabla ya mtu yeyote, mboga ingali ya moto: majani mengi, maharage, wali kama ngumi. Akakaa. Bibi akauliza kutoka kwenye kiti chake kama kuna mgeni.

"Ni mimi, Mama."

"Unapakua kabla ya mume wako?"

"Nina njaa, Mama."

Neno hilo Bibi hakuwa amewahi kulisikia kutoka kinywa kile.

Isidhaniwe ilikuwa rahisi. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye sahani za watu, kama mkono wa mlevi unavyokwenda mfukoni. Aligundua dawa yake: sahani ikirudi tu jikoni, alimwagia sabuni ya unga juu ya makombo kabla mkono haujafika. Siku moja alikula pamoja na sabuni. Alitapika povu, akasukutua, akaenda kazini. Alianza kutembea, mwanzoni mpaka kituo cha mafuta tu, akishika ukuta, vijana wakimpigia mluzi wa kurudisha gari nyuma. Baadaye akawa anafika kiwandani kwa miguu, nguo imemganda mgongoni.

Ulipita mwaka, na mwaka mwingine ukamegeka. Mwili uliisha pole pole, ukaacha ngozi yake nyuma, ikining'inia mikononi na tumboni kama shuka iliyotoka majini bila kukamuliwa. Chini ya mikunjo alipaka poda isichubuke. Hayo hakuna aliyetaka kuyaona. Walichoona ni shavu lililobonyea, wakaamua anaumwa. Mwanamke wa nyumba ya tatu alikuja kuazima kitunguu akamuuliza taratibu anatumia dawa gani, na alipojibiwa hakuna dawa, aliondoka bila kitunguu. Msimamizi, yule wa chaki, alianza kumwita mrembo na kupitisha mkono kiunoni mwake kila alipopita nyuma ya meza. Dobi alimchapa mkono huo kwa taulo lililolowa. Watu walicheka tena, ila safari hii yeye hakushukuru.

Magoti yalirudi. Akarudishwa kwenye mashine. Viti vya BONGE vilitupwa uani.

Lakini nyumbani hakuna aliyejipunguzia. Walipakua milima kama zamani, wakala kilele, wakaacha mteremko. Makombo sasa hayakuwa na pa kwenda. Yalilala kwenye beseni, yakaota ukungu, yakavuta inzi wa kijani. Karani alinunua ndoo yenye mfuniko, na baada ya siku chache alipoifunua akakuta inacheza kwa funza. Alimuuliza mkewe, kwa upole kabisa, kwa nini nyumba siku hizi inanuka. Hakuuliza zamani harufu hiyo ilikuwa inakwenda wapi.

Halafu siku moja ndoo ikaacha kunuka. Sahani zilirudi safi. Dobi alisubiri aone kama ni bahati, akaona si bahati, siku baada ya siku sahani zinang'aa. Alimwambia Mpiga Pasi kwamba hatimaye wameelewa. Aliimba akifua.

Kipindi hicho hicho alimfumulia binti yake sketi ya shule. Alikuwa mtoto wake wa kwanza, msichana mkimya, ndiyo kwanza ameanza sekondari. Sketi ilikataa kufunga. Dobi akajiambia mtoto anakua, akaiongeza kitambaa kiunoni. Baada ya muda mfupi akaiongeza tena.

*

Jumapili moja ya zamu yake, boila ya kuchemshia maji kiwandani iliharibika na wafanyakazi wakarudishwa. Dobi alifika nyumbani mchana. Wavulana walikuwa nje na mpira. Sebuleni Karani na wifi walikuwa wamejinyoosha, wameshiba, redio inaongea peke yake. Alipita nyuma.

Binti alikuwa amechuchumaa jikoni, sahani zote za mchana zimepangwa mbele yake, kubwa mpaka ndogo. Alikuwa anakula. Hakula kama mwizi wala kama mwenye njaa, alikula kama anayefagia. Alikuta njiti ya meno kwenye wali wa baba yake, akaing'oa kwa vidole viwili, akaiweka kando, akaendelea. Bibi kwenye kiti chake alikuwa anamwelekeza kwa kidole.

"Na pale pembeni. Mwanamke hatupi. Mama yako ameiacha kazi yake, nani aifanye? Wadogo zako wa kiume?"

"Nimeshiba, Bibi."

"Hata mimi nilishiba zamani. Malizia."

Dobi aliyasikia yote akiwa mlangoni. Hakupiga kelele. Alimwinua binti kwa mkono, akamfuta mdomo kwa pindo la gauni lake, akamwambia akaoge. Bibi alianza kueleza kwamba mtoto anafundishwa kazi. Dobi akamwambia amesikia, Mama.

Wifi alibaki mpaka chakula cha jioni, kama kawaida yake. Dobi alikusanya makombo yote ya mchana, ya sahani na ya sufuria. Alitoa njiti na mifupa. Mengine aliyaacha. Alikaanga kitunguu na nyanya, akamwagia humo, akakoroga, akachemsha mpaka ikatoa harufu nzuri. Kisha akatoa sahani za wageni, zile za maua, akapakua milima. Kwa ajili yake na binti alipika mayai na majani mabichi kwenye sufuria nyingine.

Walikula. Karani alisema leo mkono wa mkewe umerudi. Wifi aliomba kuongezewa. Bibi alitafuna polepole kwa meno yake machache, ameridhika, maana alidhani ameeleweka.

Mvulana mdogo ndiye aliyesimamisha. Alitoa kitu mdomoni, akakitazama karibu na taa, bonge la nyama lililotafunwa likawa kama pamba.

"Hii ni ile yangu," alisema. "Niliitema mchana."

"Ni yako," Dobi akamwambia. "Usipate taabu, kila mtu amepata. Sikumbuki ya shangazi yako nimempa nani. Nilichanganya."

Ilichukua muda. Uliona ikiwafikia mmoja mmoja, kuanzia machoni mpaka shingoni. Karani alifika mlangoni tu, akatapika kwenye viatu vya watoto. Wifi alikaa na kijiko hewani, mdomo wazi na chakula kingali ndani, hajui akiteme wapi, akakitema kwenye kiganja chake mwenyewe na kubaki nacho. Bibi alikuwa analia kwa hasira kwamba amelishwa uchafu katika nyumba ya mwanawe.

"Ni chakula, Mama," Dobi alisema. "Mchana ulikiita chakula."

*

Kikao kiliitwa kabla wiki haijaisha. Aliitwa kaka mkubwa wa Karani, fundi bomba, mtu asiyependa maneno mengi na ambaye siku zote alisuluhisha ugomvi wa ukoo kwa kuangalia saa. Alikaa kwenye kochi kubwa. Soda zililetwa, na Dobi aliona kwamba kila mmoja alifungua yake mwenyewe na kunusa chupa kabla ya kunywa. Kidogo acheke.

Wifi alitoa maelezo. Alisema tumbo lilimsumbua kwa siku kadhaa, kwamba hata sasa akiona wali anasikia kichefuchefu, kwamba mwanamke akipungua mwili anapungua na akili. Bibi alisema amelea, amezika, amevumilia mengi, lakini kula mate ya watu hajawahi. Karani alisema machache akiangalia sakafu. Alisema hakutegemea. Alisema, na hapo sauti ilimpanda, kwamba amemlisha mwanamke huyu miaka yote, hakumnyima, akawa tayari hata kukopa ili atibiwe.

"Hukunilisha, baba watoto," Dobi akasema. "Ulinibakizia. Kwa kijiko kimoja tu umekimbilia mlangoni. Mimi nimekula hicho hicho tangu nije, ukaniita mteremko. Sasa Mama amempa binti yako kazi hiyo."

Karani alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza aliiona ile njiti yake, imesimama juu ya wali, na mkono wa mkewe ukiing'oa. Aliona na ya pili, na mkono mdogo. Akaufunga mdomo. Angeweza kusema kitu wakati huo, na mengi yangekuwa mengine. Alikunywa soda.

Wifi akaleta lake. Kwa kuwa mama mtu amebadilika, na nyumba haina tena wa kufundisha mtoto wa kike, yeye yuko tayari kumchukua binti akae naye, asome, amsaidie jikoni. Bibi akaunga mkono hapo hapo, kwa haraka ya watu waliokwisha kuzungumza kabla. Isipokuwa, aliongeza wifi, kama mama mtu ataomba radhi mbele ya kikao na kurudi kwenye heshima ya nyumba. Ndipo Dobi alipoelewa kikao hiki ni cha nini. Wali haukuwa na maana kwao. Walikuwa wanatafuta mdomo wa kumalizia.

Kaka mkubwa, kwa haki, aliomba binti aitwe. Alisimama karibu na mlango, sketi imembana. Baba yake mkubwa akamuuliza kama Bibi alimlazimisha kula.

"Hakunilazimisha," binti alisema. "Aliniambia ni zamu yangu."

Wifi alipata kazi ya ghafla kwenye kizibo cha chupa. Kaka mkubwa alimtazama mtoto, akaitazama sketi, na uso wake ukafanya kile unachofanya anapofunua bomba lililoziba na kukuta kilichomo. Wakati huo alijua kabisa nani mwenye kosa. Kisha akaangalia saa.

"Tumesikia," alisema. "Lakini Mama ni mama, shemeji. Huwezi kumlisha mama yetu vile ukaondoka hivi hivi. Piga magoti useme samahani, tufunge kikao, mtoto abaki kwao."

"Magoti yangu ndiyo kwanza yamepona, shemeji."

"Basi sema umekaa. Neno moja."

Dobi alisimama, akaenda mlangoni, akamshika binti yake bega. Alikuwa na mshahara wa kiwandani, na chumba cha pili cha Mpiga Pasi alikuwa ameshakiulizia. Kama ingefika huko, ingefika. Alisema mtoto haendi kwa shangazi yake. Alisema kuanzia kesho, akiwepo katika nyumba hii au asiwepo, atapika chakula kwa kiasi, na atakayebakiza atabaki nacho. Bibi akaanza kulia upya. Karani, bila kuinua kichwa, akamwomba, mke wangu, sema tu hilo neno, hata kama hulimaanishi.

"Silisemi," Dobi alisema. "Siombi radhi kwa Mama, siombi kwako, siombi kwa mtu yeyote aliyekaa humu. Nilichowapa ni chenu."